Nimeachiwa Peugeot 504 ya marehemu: nianzie wapi?

SWALI: Mzee mmoja wa Upanga, tuliyefahamiana kwa sababu ya magari ya zamani tu, alifariki miezi mitano iliyopita. Mimi nina Datsun 1200, yeye alikuwa na Peugeot 504 saluni ya mwaka 1972, gia za usukani, dirisha la paa. Ameniachia gari hilo katika wosia. Mjane wake amenikabidhi funguo tatu, kaunta buku lililojaa mwandiko wa mzee, na makopo ya Africafe yenye bolti na nati. Gari halijawashwa tangu msiba. Liko chini ya mwarobaini, limefunikwa turubai. Fundi wangu anasema nisihangaike, nifunge injini ya Toyota na nipige rangi mpya. Nianzie wapi, na nitalitunzaje kwa joto na chumvi ya Dar? Halafu ufunguo mmoja mdogo hauingii mlangoni, buti wala kwenye swichi. (Msomaji, Kinondoni)

JIBU: Pole sana kwa msiba, ndugu yangu. Kumpoteza mtu mliyekuwa mkibishana naye kwa raha kuhusu kabureta si jambo dogo, maana nyumbani kwako pengine hakuna mwingine anayeelewa mlikuwa mkibishania nini.

Sasa toa mkono kwenye swichi. Najua unawashwa kuliwasha, lakini miezi mitano imeshapita, wiki mbili hazitaliua. Chukua hilo kaunta buku, kaa nalo usiku mbili tatu, lisome mstari kwa mstari kama barua. Gari la yadi unalichukua likiwa halina historia ya kukusumbua. Gari lililokaa mikononi mwa mtu mmoja aliyelipenda limejaa maamuzi yake. Bolti isiyofanana na wenzake, waya ulioongezwa, hozi iliyofungwa kwa klampu mbili badala ya moja: kila kimoja kina sababu, na aliyekuwa akiijua sababu hiyo huwezi tena kumpigia simu. Magari mengi ya urithi niliyoyaona yakifa mikononi mwa warithi yalikufa kwa sababu mtu alisahihisha kitu ambacho hakikuwa kosa.

Nikupe mfano. Feni ya 504 za miaka hiyo haizunguki muda wote. Ndani yake mna sumaku ya umeme. Maji yakipata moto, swichi ya joto inapeleka umeme, sumaku inaikamata feni, inazunguka, yakipoa, inaachia. Kwa Ufaransa ni akili kubwa, inaokoa mafuta na injini inapata joto mapema asubuhi za baridi. Kwa foleni ya Ubungo saa kumi na moja jioni, kile kikaboni kinachopeleka umeme kwenye sumaku kikichakaa kidogo tu, umechemsha. Ndiyo maana wazee wengi walizikaza zile skrubu tatu za kurekebisha mwanya mpaka feni ikafungamana, ikawa inazunguka na injini saa zote. Ukiikuta feni ya mzee imefungwa hivyo, usishangilie kwamba umegundua kosa ukailegeza. Tafuta kwanza kwenye daftari aliifunga lini na kwa nini. Ukitaka kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, nunua kikaboni na swichi ya joto, jaribu umeme kwa taa ya kupimia, uone sumaku inakamata, ndipo ulegeze skrubu. Binafsi ningeiacha imefungwa mwaka mzima wa kwanza.

Unaposoma, weka alama penye maneno kama "kwa muda", "nimefunga", "nimeazima". Hayo ndiyo madeni aliyoacha. Weka alama pia kila alipoandika kilomita pamoja na tarehe, kwa sababu hizo zitakuambia oili, maji na fluidi ya breki vina umri gani kuliko fundi yeyote atakavyokadiria kwa kunusa. Na makopo ya Africafe usiyachanganye! Mtu anayepanga bolti kwenye makopo tofauti huwa ana mpango wake.

Karatasi nitazipita haraka, ila zitangulie kabla hujatoa shilingi. Wosia peke yake haukuhamishii gari. Mahakama lazima kwanza imthibitishe msimamizi wa mirathi, kisha yeye ndiye anayekwenda nawe TRA na kadi ya gari kubadilisha jina. Kama marehemu alikuwa Mwislamu, wewe usiye mrithi wake unaingia ndani ya theluthi ya mali tu, zaidi ya hapo ni mpaka warithi waridhie. Kwa hiyo kaa na mjane na watoto mapema. Kama kuna kijana anayetaka gari liuzwe, ni heri ulijue hilo kabla hujanunua seti ya breki. Linganisha pia namba ya chesisi na ya injini zilizo kwenye kadi na zile zilizogongwa kwenye gari. Utaona baadaye kwa nini nimesema namba ya injini.

Siku ya kazi nenda asubuhi, uwe na mtu wa kukusaidia kusukuma na mtungi wa kuzimia moto karibu. Petroli iliyomo usiitumie. Ikikaa miezi inaanza kunuka kama vanishi na kuacha gundi kwenye vitundu vya kabureta. Mwaga tanki lote, na ile lita ya mwisho ipitishe kwenye kitambaa cheupe: ukiona unga wa rangi ya chai, hiyo ni kutu ya ndani ya tanki, na tanki litabidi lishushwe lisafishwe. Badilisha hozi zote za mpira za mafuta hata zile zinazoonekana nzima. Zikunje kati ya vidole, uone zitakavyopasuka. Ni vitu vya bei ndogo vinavyochoma magari makubwa.

Kisha toa plagi zote nne, uzipange mezani kama zilivyotoka. Hapa pana mtego ambao umewapiga mafundi wengi waliolelewa na Toyota: kwa Peugeot hii, silinda namba moja ni ile ya nyuma, upande wa flaiwili. Ya mbele kwenye rejeta ni namba nne. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2. Fundi akihesabu kuanzia mbele na kuzipachika waya zote kwa hesabu yake, cheche inakwenda kwenye silinda ambayo pistoni yake iko juu kweli, lakini ni wakati wa kutoa moshi, si wa kuchoma. Injini haiwaki, kabureta inapiga chafya, na fundi anaanza kulaumu distributa, kisha koili, kisha marehemu. Chukua rangi nyeupe uandike namba kwenye kila waya leo hii.

Dondoshea kijiko cha chai cha oili safi kwenye kila silinda, funika matundu kwa kitambaa, uache hadi kesho yake. Siku ya pili weka gia ya nne, plagi zikiwa bado nje, msukume gari taratibu mita chache. Magurudumu yatazungusha injini. Ikizunguka laini, shukuru. Ikigoma, simama hapo hapo, usikubali kuvutwa na gari jingine, maana ringi ya pistoni iliyoshika kutu ikilazimishwa inakatika.

Oili badilisha kabla ya kuwasha, pamoja na chujio. Injini hii inataka oili nzito ya kizamani, 20W-50 ya kawaida inaifaa sana kwa joto letu. Usiuziwe zile nyembamba za magari ya mseto kwa sababu ni ghali na kopo lake linang'aa. Na hili liandike kwa wino mwekundu: giaboksi ya 504 yako ya gia nne ilitengenezwa itumie oili ya injini, si ile oili nzito ya giaboksi ambayo kila gereji itataka kukuwekea. Difu ndiyo inataka nzito. Nimekutana na 504 iliyokuwa ngumu kuingiza gia ya pili kila asubuhi, mwenyewe ameshalipia klachi mpya, kumbe ni oili tu.

Halafu piga stata bila plagi mpaka taa ya oili izime. Ikizima ndipo urudishe plagi na umpe petroli mpya. Akiwaka, usimkanyagie.

Sasa maji, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo 504 za Dar zinapofia. Slivu za injini hii, yale mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimezungukwa na maji moja kwa moja, zimekaa tu ndani ya bloku zikishikiliwa na hedi kwa juu, chini zikizibwa na sili. Hedi yenyewe ni ya alumini juu ya bloku ya chuma. Sasa wewe chukua mchanganyiko huo wa alumini, chuma na slivu, ujaze maji ya kisima. Unajua mwenyewe maji ya visima vyetu vingi yalivyo, chai yake tu unaiona. Ile chumvi inaitafuna alumini kuzunguka matundu ya gasketi mpaka hedi inakuwa kama jibini iliyoliwa na panya, na sehemu ya chini ya slivu inashika kutu na kuvujisha maji kwenye oili. Watu wanadhani kuleanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, ni kwa ajili ya barafu ya Ulaya, wakicheka kwamba Dar haigandi. Kuleanti hapa ni dawa ya kutu. Changanya na maji yasiyo na chumvi (distilled), yale ya kuongezea betri, si asidi, na uibadilishe kila baada ya miaka miwili. Kama kaunta buku linaonyesha mzee alikuwa akitumia maji ya bomba na kuongeza kila wiki, basi jiandae kisaikolojia.

Kila Jumapili kabla ya kuwasha, chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa nyeusi, ni kawaida. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena.

Na ikitokea siku hedi inashushwa, mwambie fundi wako jambo ambalo mimi nilijifunza kwa aibu. Miaka ya nyuma nilishusha hedi ya 504 ya jamaa mmoja Temeke. Gasketi ilikuwa imeungua, kazi ya siku mbili. Nikataka kuona pistoni zote, nikashika spana nikazungusha kranki. Slivu mbili zikanyanyuka unene wa unywele na pistoni, zikarudi. Sikuona chochote. Nikafunga hedi mpya iliyotoka kusawazishwa, gasketi mpya, gari likatoka linaimba. Siku ya nne jamaa akarudi, kijiti cha oili kina chai ya maziwa. Zile sili za chini zilikuwa zimehama pale pale niliponyanyua slivu. Injini nzima ikashuka, gharama zangu. Tangu siku hiyo, hedi ikitoka tu, kabla ya kitu chochote nazibana slivu kwa vipande vya bomba na bolti za hedi zenyewe.

Valvu pima injini ikiwa baridi kabisa, yaani imelala usiku: 0.10 mm za kuingiza, 0.25 mm za kutoa moshi. Kelele kidogo ya tiki-tiki juu ni afya. Fundi akikuambia amezikaza mpaka kelele zimeisha, umepata hasara. Suala la petroli isiyo na risasi lisikunyime usingizi. Hedi ya alumini haiwezi kuwa na viti vya valvu vya alumini, vimepachikwa vya chuma kigumu, na petroli ya risasi imekwisha kwenye vituo vyetu tangu katikati ya miaka ya 2000. Gari hilo limeshaishi na hii mpya miaka mingi.

Turudi kwa fundi wako na Toyota yake. Simlaumu. Kwake yeye injini ya Toyota ina spea kila kona, na kipya kinyemi. Lakini muulize swali moja: propela ya 504 ataifanya nini? Gari hili halina propela inayoning'inia wazi. Shafti inazunguka ndani ya bomba gumu lililofungwa kwa bolti kutoka giaboksi hadi difu, kitu kimoja. Ukiweka injini na giaboksi ya kigeni, lazima ukate bomba hilo, utengeneze propela mpya, uibuni upya namna ya kuishikilia difu, uhamishe mikono ya injini, uunganishe gia za usukani na giaboksi isiyozijua. Ukimaliza una gari ambalo si Peugeot wala si Toyota, spea zake hazipo Gerezani wala Paris, na namba ya injini haifanani na kadi, kwa hiyo safari nyingine ya TRA. Nimeona tatu za aina hiyo. Mbili ziko juu ya matofali.

Na injini yenyewe haina la kuonewa haya. Ni mtoto wa ile ya 404. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa Tanzania, alishinda East African Safari na Chris Rothwell mwaka 1966 na tena 1967 kwa 404, kwenye matope ambayo leo tungeyaita mto. 504 ikaja ikashinda yenyewe mwaka 1975 na Ove Andersson. Kama kuna mtu wa ukoo wa mzee anayekumbuka mbio zile zikipita, mwache azungumze, utajua kwa nini mzee hakununua gari jingine.

Joto la Dar litakupa ugonjwa mmoja ambao utakuchanganya. Uko Selander, foleni haisogei, saa nane mchana, gari linazima. Unapiga stata, wapi. Unakaa nusu saa, unapiga, linawaka kana kwamba halijafanya kitu. Kuna washukiwa wawili. Wa kwanza ni petroli kuchemka ndani ya bomba au pampu, ikawa mvuke, pampu ikabaki inasukuma hewa. Wa pili ni kondensa ya distributa, kile kikopo kidogo cha umeme kwenye mfumo wa cheche, ambayo ikichoka inafanya kazi ikiwa baridi na kulala ikipata moto. Mafundi wengi wanabadilisha pampu, kabureta na koili kabla hawajauliza ni yupi.

Njia ya kujua ni hii, na inabidi uifanye pale pale barabarani wakati gari limegoma, si gereji likishapoa. Fungua boneti. Chomoa waya wa plagi moja, chomeka plagi ya akiba kwenye waya huo, ilaze plagi juu ya chuma cha injini mahali penye chuma kitupu, mbali na kabureta. Usiishike kwa mkono wazi. Mwambie mtu apige stata. Tazama ncha: cheche ikiwa ya buluu, kali, unaisikia ta! ta! ta!, moto upo, mshukiwa wako ni petroli. Chukua kitambaa, kiloweshe maji, kifunike pampu ya mafuta dakika tano. Akiwaka, umemkamata. Tiba yake ni kulisogeza bomba la mafuta mbali na ekzosi na kulivika kizuia joto. Cheche ikiwa ya manjano, imelegea, au haipo, basi mshukiwa ni kondensa, na hiyo unabadilisha hapo hapo kwa bisibisi moja kama una ya akiba kwenye dashibodi. Uwe nayo. Uwe na mbili, kwa sababu kondensa mpya za siku hizi nyingine zinatoka dukani zimeshakufa.

Platini, vile vidomo vya kukata umeme ndani ya distributa, ziweke mwanya wa 0.4 mm kwa fila geji, yaani kibati cha kupimia mwanya. Nimemwona fundi akipima kwa vocha ya simu iliyokwanguliwa, na gari likawaka vizuri tu, lakini vocha zenyewe zimeadimika.

Breki sitazizungusha. Gari limekaa mahali penye unyevu, na fluidi ya breki inakunywa maji kutoka hewani. Mwaga yote, weka mpya, badilisha hozi za mpira zote. Hozi iliyovimba ndani inapitisha fluidi ukikanyaga lakini haiirudishi ukiachia, ndipo unaona gurudumu moja lina moto na gari linavuta upande. 504 ya mwaka huo ina diski magurudumu yote manne, kwa hiyo kagua kama pistoni za breki zimeshika kutu. Tairi soma zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Meno kuwa mazima hakumaanishi kitu. Tairi la mwaka 2012 lenye meno mapya ni la kumfungia mbuzi kivulini.

Bodi. Likitoka Upanga tu, hilo turubai la plastiki lichome au wape wauza mihogo. Turubai linafungia unyevu. Usiku linatoka jasho kwa ndani, jasho linashuka kwenye bati, na upepo wa bahari ulishaleta chumvi yake. Gari linalolala wazi kwenye banda lenye hewa linaishi kuliko lililofunikwa hivyo. Ukitaka kufunika kwa ajili ya vumbi na paka, shona shuka la pamba.

Mwarobaini nao una kesi. Majani yake madogo yanaingia kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele, yanaziba njia za maji, na masika yote yanashuka kwenye sakafu, chini ya kapeti ambako huoni. Nyanyua kapeti leo. Dirisha la paa vilevile: kwenye kona zake kuna vijibomba vinavyoshusha maji ndani ya nguzo za bodi. Mimina maji ya chupa taratibu kwenye kona moja, uchungulie chini ya gari yanatokea wapi. Yasipotokea popote, yanakaa ndani. Zibua kwa waya laini wa breki ya baiskeli, usitumie upepo wa kompresa, utavichomoa vijibomba kule ndani na hutavifikia tena.

Ili ujue bati ni bati, chukua sumaku ya spika mbovu, ifunge ndani ya soksi isikwaruze, ipitishe taratibu kando ya fenda, chini ya milango, kuzunguka matairi ya nyuma. Pale inapoachia na kudondoka, chini ya rangi mna puti. Puti kidogo si dhambi kwa gari la umri huu. Kinachotisha ni sumaku kudondoka sehemu zinazobeba uzito: juu ya shokapu za mbele, na pale jeki inapokaa. Hapo ita mtu wa kuchomelea anayejua kukata bati bovu lote. Wako wanaobandika jipya juu ya kutu, hao waache.

Watu watakushauri upige oili chafu chini ya gari. Usikubali. Inalainisha bushi za mpira mpaka zinakuwa kama ubani, inakamata vumbi, na ukipita Kigamboni unaleta mchanga wa pwani nyumbani. Afadhali kuosha chini kwa maji baridi ya bomba kila ukitoka ufukweni au kwenye pantoni, likauke juani, kisha nta ya ndani ya bodi mara moja kwa mwaka kabla ya masika. Daraja la Tanzanite linapendeza kwa picha, naelewa, lakini ule upepo ni chumvi tupu. Piga picha, nenda ukaoshe.

Rangi mpya subiri. Ile ya sasa, hata kama imefifia, inakuonyesha kutu inapoanzia. Ukiifunika mwaka huu, utalipa mara mbili. Ningesema miaka miwili.

Spea zipo kuliko unavyodhani. Ufaransa waliacha kutengeneza saluni yake mwaka 1983, ila Kenya na Nigeria ziliendelea kuiunganisha hadi miaka ya 2000, kwa hiyo Nairobi, hasa Kirinyaga Road, bado kuna watu wenye boksi za zamani. Hapa mjini anza Gerezani na Shaurimoyo. Usiende na jina la kifaa, nenda na kile kibovu mkononi, na usivae shati la ofisini. Nunua vinavyosimamisha safari kabla ya vinavyopendezesha: gasketi ya hedi, pampu ya maji, mikanda ya feni, seti ya mipira ya masta silinda, platini, kondensa. Bushi za nailoni za gia za usukani ukiziona popote, zichukue zote, hata kama zako ni nzima.

Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria. Ukitaka bima kubwa, tafuta kwanza ripoti ya mthamini, la sivyo watakuhesabia bei ya chuma chakavu. Vioo, taa na ile nembo ya simba mbele vichongeshe namba ya gari mapema. Vijana wa mjini wanajua thamani yake kuliko mthamini.

Baada ya hapo, liendeshe. Kuliwasha kwenye banda dakika tano na kulizima ni kulidhuru, maji yanabaki kwenye ekzosi na oili haipati joto. Kila Jumapili alfajiri, kabla Bagamoyo Road haijajaa, lipe dakika arobaini za mwendo wa kweli. Ukirudi, andika kwenye lile lile kaunta buku: tarehe, kilomita, ulichosikia. Endelea ukurasa alioishia mzee, usianze daftari jipya.

Kuhusu ufunguo mdogo: jaribu kofia ya tanki la mafuta. Mzee aliyepitia miaka ya foleni za petroli hakuwa mtu wa kuacha tanki bila kufuli. Usipozunguka, usiulazimishe, utakatikia ndani. Dondoshea mafuta ya cherehani, uache hadi kesho yake asubuhi, ujaribu tena.